Umesikia Rekodi Ipi? Kweli na Si Kweli za Wapenzi wa Nyimbo za Kale

Mwigobero ni mahali pa kungoja. Anayevuka kwenda Kinesi anangoja chombo, mchuuzi wa samaki anangoja mitumbwi irudi, na kijana wa bodaboda anawangoja wote wawili. Watu wanaongoja huzungumza, na hapa Musoma wenye umri wa kutosha wakikuta simu yenye spika nzuri, zilipendwa huanza. Zilipendwa zikianza, ubishi hauko mbali. Mmoja ataapa kwamba gitaa la Mbaraka Mwinshehe halijapata mrithi. Mwenzake atajibu kwamba sawa, huyo alikuwa mpiga gitaa, lakini mtunzi alikuwa Marijani Rajab. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mkimya kuliko wote, atauliza kwa nini hakuna anayemtaja Siti binti Saad.

Sina nia ya kuwatuliza. Ila nimesikia mabishano hayo kiasi cha kuamini kwamba mengi hayahusu ladha kabisa. Watu wawili wamesikia rekodi mbili tofauti za wimbo mmoja, au nakala mbili za rekodi moja, na kila mmoja anaitetea ya kwake akidhani ndiyo hiyohiyo ya mwenzake. Basi madai yafuatayo nimeyauliza kwanza swali moja, umesikia rekodi ipi, ndipo nikayaita kweli au si kweli.

“Wimbo ule ni mzuri, lakini hauna chemko.”

Mara nyingi si kweli, na kosa ni la santuri, si la bendi.

Santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, hubeba dakika chache tu kila upande. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 ukiachwa ujinyooshe ulivyopigwa ukumbini, hauenei hapo. Kampuni za santuri ziliukata. Upande wa kwanza uliandikwa sehemu ya kwanza: gitaa la kufungulia, beti, kiitikio, kisha sauti inafifia ghafla kama mtu aliyeitwa nje. Ukigeuza unakuta sehemu ya pili, na huko ndiko magitaa yanakofumuka, saksafoni zinajibizana na mwimbaji anataja majina ya wanamuziki wenzake.

Aliyenakili upande mmoja tu kwenye kaseti, akampa ndugu yake, naye akampa jirani, amezaa ukoo mzima wa wasikilizaji wasiojua kwamba wimbo una nusu nyingine. Ndiyo maana kijana husema, “Mzee, huu wimbo unaishia hapohapo,” na mzee akamjibu, “Unaishia kwako, mwanangu. Geuza.”

Kuna na jambo la pili. Bendi zetu nyingi zilirekodi nyimbo katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na wimbo huohuo ukaja kurekodiwa upya kwa ajili ya santuri. Utepe wa redio haukuwa na kikomo cha dakika tatu au nne, kwa hiyo toleo la redio linaweza kuwa refu zaidi, lenye mpigo wa taratibu na hata maneno tofauti kidogo. Bendi ilipiga yote kwa pamoja, moja kwa moja, na aliyekosea alikosea mbele ya wenzake wote. Mimi nayapenda matoleo ya redio kwa sababu hiyo: unasikia watu waliokaa chumba kimoja. Mwenye kupenda toleo la santuri naye ana haki yake, maana humo gitaa la solo mara nyingi liko mbele na sauti ni kali zaidi. Lakini hao wawili wakibishana kuhusu “wimbo”, hawatapatana hadi kivuko kiondoke.

“Sauti yake halisi ilikuwa nzito kuliko watu wanavyodhani.”

Inategemea betri.

Kaseti hupita kwenye kichwa cha kusomea kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Betri zikichoka mota inalegea, utepe unapita polepole, na sauti inashuka. Kasi ikipungua kwa takriban asilimia 6, wimbo mzima unashuka nusu sauti, yaani kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kile kinachokifuata. Si kidogo. Mwimbaji mwenye sauti ya juu anaanza kufanana na kaka yake mkubwa.

Mambo hugeuka pale kanda inaporekodiwa kwenye redio yenye betri chovu, kisha ikachezwa kwenye mashine ya umeme inayokwenda sawasawa. Hapo mwimbaji anapata sauti ya kitoto na bendi nzima inakimbia. Zamani kasoro hiyo ilikuwa ya kanda moja nyumbani kwa mtu mmoja. Leo kanda hiyohiyo imehamishiwa kwenye kompyuta, ikaingizwa kwenye memori kadi, ikasambaa kwa maelfu ya simu, na hakuna betri mpya itakayoirekebisha. Wapo vijana waliopenda wimbo kwa kasi isiyo yake, na ukiwachezea ulivyo wanasema umepoa.

Njia ya kujua ni kutafuta nakala ya pili kutoka chanzo kingine, uzicheze moja baada ya nyingine. Gitaa la kupimia haliamui peke yake, kwa sababu bendi nazo hazikufunga nyuzi zao kwa kipimo kimoja siku zote.

Wanakwaya wana kisa chao cha namna hii. “Aleluya” ya Handel inaimbwa sana katika makanisa yetu, na mwalimu wa kwaya akitafuta rekodi ya kufundishia anaweza kukuta moja iko chini kwa nusu sauti nzima. Anailaumu simu. Simu haina kosa. Tangu miaka ya 1970 yamezidi makundi ya Ulaya yanayopiga muziki huo kwa vyombo vya namna ya enzi za Handel, na mengi hufunga noti ya la kwenye mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440 iliyozoeleka leo. Tofauti hiyo ni nusu sauti. Makundi hayo pia huwa madogo na huenda mbio, kwa hiyo aliyekulia kwenye kwaya ya watu mia huona kama anachezewa shere. Ni wimbo uleule.

“Handel aliitunga Aleluya kwa ajili ya Krismasi.”

Si kweli. “Messiah” ilipigwa mara ya kwanza hadharani Dublin tarehe 13 Aprili 1742, msimu wa Kwaresima, na Aleluya inafunga sehemu ya pili, ile ya mateso na ufufuko. Ile habari ya kwamba watu husimama Aleluya inapoimbwa kwa sababu Mfalme George wa Pili alisimama haina ushahidi wa mtu aliyekuwepo. Simameni mkipenda.

“Spika imepasuka, sikia inavyokoroma.”

Hili husemwa na mgeni anapochezewa rekodi ya nyatiti, na ng’ambo ya maji, kule Rorya, linachekesha.

Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane juu ya boksi lililowambwa ngozi. Nyuzi hazikai juu ya daraja kavu la mti. Zinapita juu ya vipande vya matete vilivyoshikizwa kwa nta, na uzi unapotetema unagusagusa matete na kutoa mvumo wenye mchakaricho. Mpigaji amekaa kwenye kigoda cha chini, chombo kimelala ubavuni mwake. Kwenye kidole cha mguu amevaa pete ya chuma ambayo anaigonga kwenye fremu, na mguuni ana njuga. Kwa hiyo katika rekodi ya mtu mmoja unasikia nyuzi, mkoromo wa matete, chuma, njuga, na juu ya vyote sauti yake mwenyewe akisifu au akisema watu. Mtu asiyejua anahesabu wanamuziki watatu.

Fundi wa kompyuta anayejitia kusafisha mkoromo huo anafuta nusu ya chombo. Nimesikia nakala zilizooshwa namna hiyo, zimebaki na mdundo kama wa gitaa la mwanafunzi. Litungu la Wakurya, lililo kubwa zaidi na lenye sauti ya chini, hupata adhabu ya aina nyingine: spika za simu haziwezi kutoa sauti nzito, basi watu husema “halisikiki vizuri” na kuhukumu rekodi. Lichezeni kwenye spika yenye besi, au vaeni hedifoni, ndipo mseme.

“Siti binti Saad ndiye mtu wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa.”

Si kweli, ingawa nyuma ya uongo huu kuna ukweli mkubwa kuuzidi.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka kusini mwa Tanganyika, Masasi na Newala, akiwa na mashine ya kurekodia kwenye mitungi ya nta. Aliwaimbisha watu wa huko na sauti zao zikasafirishwa Ujerumani. Miaka 22 kabla ya Siti, basi, tayari kulikuwa na waimbaji wa nchi hii ndani ya nta. Lakini wao wenyewe hawakuwa na mahali pa kuzinunua sauti zao, wala jirani zao hawakupata kuketi wakaambiana hii nzuri, hii mbaya. Zilikuwa mali ya wataalamu.

Mwaka 1928 ni habari nyingine. Siti, mwanamke wa Fumba aliyeanza maisha kama mtoto wa watu maskini na kuuza vyungu, alipanda meli hadi Bombay pamoja na kundi lake, akina Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban, Buda bin Mwendo na Mbaruku wa Mombasa, wakarekodi kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe. Santuri zilirudi zikauzwa pwani na bara, kwa Kiswahili. Hapo ndipo msikilizaji wa kawaida wa Kiswahili alipoanza kuwa na la kusema kuhusu rekodi, maana aliweza kuicheza, kumwita jirani, na kuicheza tena. Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake alilielewa hilo vizuri kuliko wengi wetu.

Jambo la kukumbuka unapomhukumu Siti kwa santuri ni dakika. Sahani ya mizunguko 78 ya ukubwa wa inchi 10 hubeba kama dakika tatu upande mmoja. Katika shughuli Unguja wimbo haukukatwa na saa. Wasikilizaji walituza, ubeti ukarudiwa, violini ikazunguka, watu wakaagiza tena. Anayesema Siti “anaimba haraka haraka” amesikia mwimbaji aliyekuwa akikimbizana na ukingo wa sahani.

“Taarab ya zamani ilikuwa mapenzi matupu.”

Si kweli. Wimbo wa Siti unaoitwa “Kijiti” unahusu mauaji ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na jinsi sheria ilivyomkosa muuaji ikawakamata mashahidi. Ni habari ya mahakamani iliyotiwa kwenye santuri.

“Zilipendwa za Tanzania zilitengenezwa hapahapa.”

Nusu. Nyimbo zilitungwa na kurekodiwa hapa, lakini hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na santuri nyingi za bendi zetu zilitoka Nairobi. Mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, biashara hiyo iliumia pamoja na nyingine zote. Watu wa Mara, wenye Sirari mlangoni kwao, hawahitaji kuelezwa bidhaa hupitaje mpaka uliofungwa. Na kwa wale wanaosema Musoma ilikuwa inasikiliza tu vya wenzake: mji huu ulikuwa na Mara Jazz, na mtindo wao uliitwa Sensera. Nashangaa ni vijana wangapi wa hapa wanajua Sikinde na Msondo na hawajalisikia jina hilo.

“Orijino ndiyo bora siku zote.”

Si siku zote. Kweli, nakala ya nakala ya kaseti ni majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu: rangi ipo, ladha imekwenda. Kila mara unaponakili, mvumo wa utepe unaongezeka na sauti kali za juu, za matoazi na nyuzi nyembamba, zinapungua. Lakini santuri ya kwanza iliyochezwa miaka ishirini kwa sindano butu imekwanguka mifereji, na haiwezi kushindana na nakala safi iliyotolewa moja kwa moja kwenye utepe wa studio. Orijino ina heshima yake. Masikio yana yake.

“Sikio la mjuzi halidanganyiki.”

Hili ndilo dai linalotuuma sisi tunaojiita wajuzi, na si kweli.

Tuanze na nyumbani. Ukienda kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu ukaomba zilipendwa, unapewa mafaili yenye majina aliyoandika mtu asiyejulikana kwa haraka zake. Humo wimbo wowote wa Morogoro wenye gitaa tamu unaitwa Mbaraka Mwinshehe. Cuban Marimba ya Salum Abdallah inaitwa Mbaraka. Cuban Marimba ya Juma Kilaza nayo inaitwa Mbaraka. Na sisi tukiisha kusoma jina, tunaanza kumsikia Mbaraka: “Sikia vidole hivyo!” Tarehe chache zingetuokoa. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, kwa hiyo sauti ya Cuban Marimba ya miaka ya 1970 haiwezi kuwa yake. Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na alifariki kwa ajali Mombasa Januari 1979. Bendi ikijitaja ndani ya wimbo kuwa ni JUWATA, wimbo huo si wa kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, kwa sababu kabla ya hapo bendi hiyohiyo ilikuwa NUTA Jazz. Majina yanayotajwa ndani ya wimbo ni ushahidi bora kuliko jina la faili.

Walio na masikio ya gharama zaidi wamedanganywa vibaya zaidi. Uingereza alikuwako mpiga piano Joyce Hatto, aliyeacha kupiga hadharani miaka ya 1970. Katika miaka yake ya mwisho zilianza kutoka CD kwa jina lake, kutoka kampuni ya mumewe, William Barrington-Coupe, hadi zikapita mia moja: Chopin, Liszt, Rachmaninov, kila kitu. Habari iliyofuatana nazo ilikuwa ya kuvunja moyo, mama mgonjwa wa saratani anayerekodi akiwa amesahauliwa na dunia. Wapenzi wa rekodi waliandikiana kwa furaha, wahakiki wakasifu. Alifariki mwaka 2006. Februari 2007 msikilizaji mmoja alitia CD yake ya Liszt kwenye kompyuta, na kompyuta, iliyozoea kutambua CD kwa urefu wa nyimbo zake, ikasema huyu ni László Simon. Ikalinganishwa, na kweli. CD baada ya CD zikaonekana ni kazi za watu wengine, baadhi zikiwa zimebadilishwa kasi kidogo ili zisitambulike. Mumewe alikiri.

Watu wale hawakuwa wajinga. Muziki waliousifu ulikuwa mzuri kweli. Walioupiga walikuwa mabingwa. Kilichoongezwa ni kisa cha mama mgonjwa, na kisa kiliingia masikioni kabla ya noti ya kwanza.

Upande wa pili wa habari hii unawatetea wasikilizaji. Kuanzia mwaka 1966 iliuzwa rekodi ya konseto ya Chopin ikitajwa kuwa ya Dinu Lipatti, Mromania aliyekufa kijana mwaka 1950. Iliheshimiwa kama kumbukumbu ya marehemu. Mwaka 1981 ilipochezwa redioni Uingereza, kuna msikilizaji aliyekumbuka kuisikia mahali pengine, na ikathibitika ni Halina Czerny-Stefańska wa Poland, ambaye wakati huo alikuwa mzima na akiendelea na kazi. Hapo haikuwako kompyuta. Alikuwako mtu aliyekuwa na santuri zote mbili na mdomo wa kusema.

Jaribio la bure kwa wanaongoja kivuko: anayecheza wimbo asitaje jina. Kila mmoja aseme anachosikia, sauti, gitaa, mwendo, ndipo jina litajwe. Mtacheka sana, na kuna wazee watakaowaaibisha.

“Santuri chafu isafishwe kwa spiriti.”

Nimalizie na hili kwa sababu lina madhara. Santuri ya plastiki, ile ya 45 inayopinda kidogo ukiibonyeza, inavumilia. Santuri nzito ya zamani ya mizunguko 78, ile inayovunjika kama sahani ikidondoka, imetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu, na spiriti huyeyusha shelaki. Ukiipangusa kwa spiriti unaona kitambaa kinatoka cheusi na kung’aa, ukadhani unatoa uchafu, kumbe unatoa wimbo. Tumia maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, karatasi ya katikati isilowe, ikaushwe kivulini. Wala usiicheze kwa sindano ya santuri za 45, ni nyembamba mno kwa mfereji wake na inakwaruza chini. Kama huna mashine yake, iweke imesimama, si kulazwa chini ya nyingine kumi, mpaka apatikane mwenye nayo.